Mto Uliopita Mlangoni kwa Mama Yako

Nyumba ya Kona,
Chumba cha Redio Mbovu,
9 Novemba.

Mpwa wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu zingali moto. Hujambo? Kile kifua kimeacha kukusumbua na baridi ya huko? Unakula, au unakunywa chai tu na kuiita chakula? Sisi huku wazima, isipokuwa goti langu, ambalo siku hizi linagombana na kila ngazi.

Kwa heshima na taadhima, nakutangazia rasmi kwamba kiti cha sebuleni, kile cha mguu mfupi, kimetengenezwa. Nimekitengeneza mwenyewe, bila msaada wa wafadhili. Bibi yako alikikalia, akasimama, akakikalia tena, akasema sasa hakina ladha.

Sasa la mama yako. Usishtuke, limeshapoa.

Unajua aliomba kibali cha kuendelea kushona katika kile chumba cha mbele. Siku hizi manispaa wana akili mnemba, ile inayotunga maneno yenyewe. Karani anaipa mstari mmoja, nayo inamrudishia ukurasa mzima.

Barua ilikuja upesi, na ilikuwa tamu. Ilimwamkia. Iliuliza hali ya familia. Ikamsifu kwa bidii yake. Na wewe waijua ofisi ile: tangu tuifahamu haijawahi kumsalimu mtu, na ikikunyima, inakunyima kwa nusu sentensi na muhuri uliopinda. Kwa hiyo tuliposalimiwa tu tukajua tumepata. Tuliisoma wote, hadi jirani, na hakuna aliyefika aya ya nne.

Mama yako akapandisha bango jipya. Wiki haijaisha, askari wa manispaa wakaja wakatia kufuli mlangoni, nguo za watu zikiwa ndani. Ndipo tulipoisoma aya ya nne. Ilisema, kwa upole wa ajabu, kwamba ombi limekataliwa kwa kuwa chumba kiko ukingoni mwa mto.

Mpwa wangu, wewe umezaliwa hapa. Maji pekee yapitayo kwenye kichochoro chetu ni ya bomba la jirani linalovuja.

Fundi aliyefungiwa nguo za watu hana rafiki. Kulikuwa na bwana harusi mmoja, suti yake imo ndani. Alikuja asubuhi na jioni, akasimama mbele ya kufuli kama anasoma gazeti. Mama yako akaanza kusukuma sahani pembeni bila kula. Hapo nikavaa viatu, tukaenda.

Afisa wa vibali ni yule tunayemwita Bwana Kesho, kwa kuwa ndilo jibu lake. Akatuonyesha kompyuta kama mtu anayemsukumia ndugu yake kesi.

“Mama, hiyo imeandikwa na mashine. Mimi nagonga muhuri tu.”

“Na barua ya mashine nani anaisoma?” mama yako akauliza.

“Kwani inakosea?”

“Basi nionyeshe huo mto, baba, nikachote. Bombani kuna foleni.”

Watu wakaangua kicheko. Kinyozi aliyekuwa nyuma yetu akatoa barua yake naye: ameagizwa apanue banda la kuku. Hana kuku. “Labda ni wa mashine,” mtu akasema.

Kelele zikamtoa chumbani mkuu wa ofisi, mama mmoja mfupi asiyepandisha sauti. Akaisoma barua yetu yote, na aya ya nne akairudia. Kisha akamuuliza Bwana Kesho kama aliisoma kabla ya kuigonga muhuri. Kwa mara ya kwanza, Bwana Kesho akafanya jambo leo: akaivuta barua, akaanza kuisoma.

Sasa pale mapokezi kuna tangazo. Barua iliyotungwa na mashine lazima iseme hivyo juu kabisa. Jibu na sababu yake vikae mstari wa kwanza, salamu baadaye. Chini liandikwe jina la afisa aliyeisoma na atakayeijibia. Na mwenye malalamiko aende chumba cha mwisho, ambacho kina mtu, na mtu huyo ana masikio, nimehakikisha.

Mashine yenyewe sina ugomvi nayo. Redio nyingi zimepita mikononi mwangu, na sijaipeleka hata moja polisi kwa uongo iliotangaza. Anayetafutwa ni aliyeshika kipaza sauti.

Bwana Kesho alitumwa aje kuukagua mto kwa macho yake. Akaenda hadi mwisho wa kichochoro, akachungulia nyuma ya choo cha jirani, akarudi na viatu vikavu. Kufuli likatolewa. Bwana harusi akavaa suti palepale mlangoni, na imemkaa vizuri kuliko alivyostahili, kwa jinsi alivyotununia.

Kibali kililetwa jana. Kinaanza na “Umekubaliwa”, na chini pana jina kamili la Bwana Kesho, ambalo hakuna aliyekuwa akilijua. Mama yako amekitia kwenye fremu, na sahani yake inarudi jikoni tupu. Cherehani naisikia ninapoandika.

Bibi yako anakusalimu, na shangazi yako, na jirani mwenye bomba. Mdogo wako anauliza utarudi na nini. Nimemwambia na adabu.

Mungu akutangulie uendako, akakusubiri unakorudi.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye hata usipojibu.

N.B. Kibali kinaisha tarehe 31 Desemba hii hii.