Mwandiko Nambari Sita

Bi Najwa, nakuandikia kwenye safu yako ya ushauri gazetini, naomba unisikilize hadi mwisho kabla hujanihukumu, ingawa najua utanihukumu, kwa sababu mimi mwenyewe nimejihukumu tangu Ijumaa ile. Mimi ni mwalimu wa Gredi ya Nne katika shule moja ya msingi hapa Nakuru, nina miaka thelathini na minane, nina mume na watoto wawili, sijawahi kuitwa ofisini kwa kosa lolote, na sasa mtoto wa miaka kumi amenishika kwa kutumia kitu ambacho nilimfundisha mwenyewe.

Muhula huu niliona watoto wangu wamechoka na kunakili ubaoni, nikaamua tufanye masomo kwa njia ya upelelezi, yaani kila wiki tunakuwa na kesi, na kesi haitatuliki bila kusoma, kupima na kuhesabu. Kesi ya kwanza ilikuwa ya kengele ya shule. Tulipatana na naibu wa mwalimu mkuu, Mwalimu Gachanja, aifiche kabatini mwake na aache kikaratasi chini ya mlango wetu kinachosema, "Kengele iko salama, mtaipata mkijua kusoma." Bi Najwa, ungewaona! Walijitengenezea beji za katoni, walipima nyayo kwa rula na kutoa sentimita bila kuhesabu kwa vidole, walinyunyiza kakao kwenye kikombe kutafuta alama za vidole, walichora ramani ya shule, waliwahoji walimu na kuandika ushahidi kwa sentensi kamili. Kipngeno, ambaye tangu Januari hakuwahi kuinua mkono, alimuuliza mwalimu mkuu mbele ya watu, "Saa nne kamili ulikuwa wapi, na nani alikuona?" Nilicheka mpaka machozi. Hata wale wa kukosa kila Jumatatu waliacha kukosa.

Sasa ili wajue nani aliandika kile kikaratasi, niliwaomba walimu tisa waandike sentensi moja kila mtu kwa karatasi yake, na mimi nikaandika yangu ziwe kumi, nikazipa nambari na kuficha orodha ya majina. Nikawafundisha kuangalia mkia wa g, kichwa cha t, namna mtu anavyokata tarakimu ya saba. Nikawaambia maneno haya, Mungu anisamehe: "Mtu anaweza kuficha jina lake lakini mkono wake utamsema."

Ijumaa vikundi vikaja mbele kutoa majibu. Chelimo, msichana mpole anayelelewa na nyanya yake, ambaye humwita kogo, alisema kikundi chao kimepata, mwandishi ni nambari tatu, na kweli nambari tatu alikuwa Mwalimu Gachanja, darasa likapiga makofi. Lakini hakurudi kukaa. Alitoa karatasi iliyokunjwa kwa daftari lake akasema, "Mwalimu, nimepata kesi nyingine. Hii ndiyo barua ilifanya kogo yangu afukuzwe kazi. Nimelinganisha. Ni mwandiko nambari sita."

Bi Najwa, nambari sita ni mimi.

Wacha nikueleze. Miaka miwili iliyopita maharagwe ya chakula cha watoto yalikuwa yanapungua stoo, na mpishi wetu alikuwa Mama Milcah, nyanya ya Chelimo, mama aliyekuwa amepika hapo miaka kumi na moja. Nilikuwa namwona kila jioni akitoka na ndoo imefunikwa, na nikaona kama mwalimu ni wajibu wangu kulinda chakula cha watoto, kwa sababu watoto wengine hicho ndicho chakula chao cha pekee, na ukinyamaza unakuwa mshiriki, na pia wiki hiyo alikuwa amenikatalia sahani ya pili ya githeri, yale mahindi na maharagwe ya mchana, mbele ya wanafunzi. Nikaandikia kamati ya shule barua bila jina, kwamba mpishi anabeba maharagwe kwa ndoo. Akaachishwa kazi. Baadaye nilisikia ndoo ilikuwa ya maganda na ukoko wa sufuria, anapelekea kuku wake, na ruhusa alipewa zamani. Halafu mwaka jana ilipoletwa mizani mpya, ikajulikana magunia yalikuwa yanafika pungufu tangu mwanzo. Nikajua sasa kwa hakika kwamba mama hakuiba hata punje, na nikanyamaza, nikajiambia yameshapita. Yeye siku hizi anafulia watu nguo mtaa wa Section 58. Ile nakala ya barua kamati ilimpa ili ajitetee, lakini hajui kusoma, akaiweka tu pamoja na kitambulisho. Chelimo wakati huo alikuwa Gredi ya Pili. Sasa anasoma.

Darasa lote likaanza kupiga kelele, "Nambari sita ni nani? Mwalimu, soma orodha!" Nikasema, "Chelimo, umekosea. Hiyo barua haihusiani na somo. Lete hapa, ukae chini." Akasema kwa sauti ya chini, "Lakini mwalimu, angalia saba." Nikamwambia kaa chini, nikaichukua ile barua mkononi mwake. Na ili nionekane sina wasiwasi, nikachukua daftari lake na kuandika chini ya kazi yake, kwa kalamu nyekundu, "Chini ya matarajio," yaani alama ya mwisho kabisa.

Alisoma nilichoandika. Hakuangalia alama, aliangalia herufi, moja moja, kidole chake kikifuata. Kisha akaniangalia mimi.

Nilidhani hapo ndipo mwisho wa aibu, kumbe bado. Jumatatu asubuhi Mama Milcah alikuja shuleni, mara ya kwanza tangu afukuzwe, amemshika Chelimo mkono, na mkono mwingine mkebe wa mayai. Nilijua amekuja kuniaibisha. Akasema, "Mwalimu, nisamehee huyu mtoto. Amekuja nyumbani na maneno mabaya juu yako, ati wewe ndiye uliandika ile barua. Nimemchapa. Nimemwambia mwalimu anayekufundisha kusoma hawezi kufanya hivyo. Tafadhali usimwekee kwa roho." Akamsukuma mbele. "Sema pole kwa mwalimu."

Chelimo akasema, "Pole, mwalimu."

Na mimi nikasema, "Ni sawa." Nikachukua mayai.

Tangu siku hiyo Chelimo hainui mkono, beji yake ameitupa, na alipoulizwa na mwenzake kwa nini akasema, "Mimi macho yangu huona vibaya." Masomo ya upelelezi nimeyasimamisha, tumerudi kunakili. Ile barua nimeificha kwa droo ya nguo. Mume wangu Weldon nilimwambia, naye akaniambia, "Choma hiyo karatasi. Kazi yako ikienda, watoto wetu watakula upelelezi?" Naogopa kushtakiwa, naogopa kufutwa kazi, naogopa macho ya yule mama kuliko vyote. Je, nikimsaidia Chelimo kimya kimya, labda nimnunulie viatu na vitabu, nimpe alama nzuri, haitoshi? Niambie ukweli.

Mwalimu niliyejifunga mwenyewe, Nakuru

*

Mwalimu,

Barua yako niliisoma nimesimama jikoni kwangu hapa Bondeni, nikavuta kiti, nikaisoma tena. Miaka kumi na tisa nimesoma barua za watu walioiba waume, walioficha watoto, waliokana mama zao. Ya kwako imeniacha mdomo wazi, hasa pale pa mayai. Uliyachukua! Mwanamke uliyemnyang'anya riziki anakuja kukuomba msamaha, mtoto ametoka kuchapwa kwa kusema kweli, na wewe unanyoosha mkono kupokea mkebe.

Kabla sijakugombeza zaidi, nikupe haki yako. Ulichofanya darasani ni kizuri. Mtoto aliyenyamaza tangu Januari leo anamhoji mwalimu mkuu! Wewe ni mwalimu hodari, na ndiyo sababu umeshikwa. Mwalimu mvivu asingeshikwa na mtoto wa Gredi ya Nne.

Sasa sikiliza. Umeniandikia maneno mengi kuhusu wajibu na chakula cha watoto, kisha ukapenyeza sahani ya githeri mwishoni kama kitu kidogo. Mimi nimekaa hapo. Ulikasirika, mama. Ungekuwa na wasiwasi tu na maharagwe, ungemwambia Milcah afunue ndoo. Wanafunzi wako walimhoji Mwalimu Gachanja kabla ya kumtaja, na hiyo ilikuwa kesi ya mchezo. Wewe kesi yako ya kweli ulimhoji nani?

Lakini barua ile ni kosa la zamani. La Ijumaa ni baya zaidi, na hili sitalipunguza makali. Mtoto aliona sawasawa, ukamwambia hakuona. Nyanya yake akamwambia hivyo hivyo kwa fimbo, kwa sababu alikuamini wewe. Sasa amehitimisha kwamba macho yake ni mabaya. Viatu gani vitaponya hapo? Ukimpa alama za bure utakuwa unamdanganya mara ya tatu.

Mumeo anaogopa njaa, simlaumu, lakini karatasi hiyo si yenu. Ni mali ya Milcah. Itoe kwenye droo leo.

Jumamosi mchana nenda kwake, peke yako. Usibebe sukari wala unga, usimpe sababu ya kukushukuru. Hajui kusoma, basi msomee barua yako yote kwa sauti yako mwenyewe, kisha umwambie nani aliandika, na kwa nini, pamoja na sahani. Ukilia, lia baada ya kumaliza, asije akalazimika kukubembeleza. Chelimo awepo. Ukitoka hapo, mwandikie mwalimu mkuu na kamati, utie jina na sahihi, ueleze pia habari ya magunia ili jina la mama lisafishwe mbele ya wazazi. Utaadhibiwa? Huenda. Tafuta mtu wa chama cha walimu akushauri, jibu utakachoulizwa, na usijifiche nyuma ya ugonjwa. Jumatatu, mbele ya darasa lile lile, soma orodha kama walivyokuomba. Sema nambari sita ni nani. Usimkumbatie mtoto kwa nguvu na usimwombe akusamehe mbele ya wenzake, hiyo ni kumfunga tena. Mwambie tu alikuwa sahihi. Halafu urudishe upelelezi wao, maana hawakukosa kitu.

Bi Najwa

*

Wasomaji wangu, jibu hilo nilimtumia mwalimu huyu kwa simu mwezi uliopita, kwa sababu mambo ya mtoto hayangojei gazeti. Wiki hii ameniandikia, na ameruhusu muyasome.

"Bi Najwa, nilienda. Nilisoma barua nikiwa nimesimama, Mama Milcah alikuwa anasuuza nguo. Nilipomaliza hakupiga kelele. Alijipangusa mikono, akamwita Chelimo, akapiga magoti mbele ya mtoto, mama wa umri ule, akamwambia, 'Nilikuchapa na ulikuwa unasema kweli. Nisamehe, mama.' Walilia wote wawili, nami nikabaki hapo kama mti. Baadaye akanigeukia. Akasema, 'Wewe nitakujibu. Lakini si leo.' Jumatatu nilisoma orodha. Nilipofika nambari sita nikawaambia watoto wote arobaini na wawili kwamba ni mimi. Chelimo akaleta daftari, nikakata maneno yangu nikaandika 'Ulikuwa sahihi.' Akasoma, akanirudishia. Akasema, 'Andika na jina, mwalimu.' Nikaandika jina. Mwalimu mkuu akaniambia tu niende nyumbani nikapumzike. Kikao changu cha nidhamu ni wiki ijayo, na Weldon amesema atanisindikiza. Wazazi waliambiwa habari ya magunia, na Mama Milcah ameombwa arudi jikoni. Amesema atafikiria. Darasa linashikiliwa na Mwalimu Gachanja, nasikia wana kesi mpya ya mche wa parachichi uliong'olewa, na Chelimo ndiye anaongoza kikundi. Lakini Mama Milcah hajanijibu mpaka leo. Tulikutana karibu na soko akapita. Nimngojee mpaka lini?"

Mpaka atakapotaka yeye, mwalimu. Ikiwa ni mwaka, mwaka. Ikiwa ni baada ya wewe kustaafu, basi hivyo. Usimtumie watu, usimtumie mchungaji, usimtumie mtoto. Na mkikutana tena njiani, wewe ndiye wa kuamkia kwanza, hata asipoitikia.