Kisu cha Misumari

Jumatatu, 2 Septemba

Leo wenzangu wa darasani wamepanda basi la Nizhny kwenda kuanza chuo. Mimi nimevuka ua tu, nikaingia karakana ya Baba. Alama zangu hazikutosha. Basi.

Nilidhani nitapewa kufungasha visu. Wapi! Nimekalishwa mbele ya kompyuta, kwenye kona ya Zina anayeshona ala za visu. Baba kasema: Wewe Tayka kuongea huwezi, basi andika, uwajibu hawa. "Hawa" ni watu walionunua visu vyetu mtandaoni na kuacha maoni yao. Visu vya bei nafuu, vya wawindaji, wavuvi na wachuma uyoga. Walio navyo wametapakaa nchi nzima, kutoka Pskov mpaka Chita. Na wote wanaandika, jamani!

Mmoja ametoa nyota tano: "Bado sijakitumia." Mwingine nyota moja — kisu safi sana, ila posta ilichelewa. Mwingine kisu chake kimeshika kutu. Nimemwuliza alikitunzaje. Amejibu kwa fahari kabisa: alisafishia samaki, akakirudisha kwenye ala ya ngozi, akakitundika bandani mpaka theluji ikayeyuka. Kwenye ngozi yenye maji! Halafu kuna huyu: "Mke wangu amekipeleka jikoni na hakirudishi. Nifanyeje?"

Mimi nitajua nini? Nimeandika: "Zungumza naye." Zina kacheka mpaka sindano ikamponyoka.

Jumatano, 4 Septemba

Misumari. MISUMARI!

Tangu juzi wamenijia watu chungu nzima wenye kilio kimoja: makali yamemeguka, kisu kina pengo. Picha zao nimezitazama mpaka macho yanawasha. Mapengo hayo hayatoki kwenye mfupa wala kwenye ukuni. Nimemwuliza mmoja wa Tver kwa adabu zote alikata nini. "Msumari," kasema. Kama vile ningemwuliza alikula nini akajibu mkate.

Nikauliza kwa nini ukate msumari kwa kisu cha kuchunia sungura? Akanitumia video.

Ni Baba. Kwenye maonyesho ya uwindaji ya majira ya kuchipua, kavaa kofia yake ya manyoya, kashika kisu chetu, msumari umelazwa juu ya gogo. Anaweka kisu juu ya msumari, anagonga mgongo wa kisu kwa nyundo mara moja — msumari vipande viwili! Ananyanyua kisu juu, makali mazima. Watu wanapiga makofi. Mtu nyuma ya kamera anasema: Hiki ndicho kisu, wanaume!

Ila mimi kisu hicho nakijua. Kinakaa kwenye soksi kuukuu ndani ya sanduku la vifaa vya Baba. Kwa nje ni sawa kabisa na vile tunavyouza, mpini ule ule wa gome la mti wa mbetula. Lakini makali yake Baba ameyanoa manene kama ya shoka. Vya kuuza vimenolewa vyembamba, ndivyo wawindaji wanavyotaka.

Nilimwendea wakati wa chai. Nikamwuliza kwa nini anawaonyesha watu kisu ambacho hatuuzi. Hata hakukasirika. Kasema: Nimemdanganya nani? Msumari nakata kweli. Nimewaambia wao wakate?

Jumamosi, 7 Septemba

Leo simu imelia, na Zina alikuwa na uzi mdomoni, kwa hiyo nimepokea mimi.

Mzee wa Kirov, Prokhor Ignatyevich, dereva wa basi aliyestaafu. Alinunua kisu chetu kumzawadia mkwe wake, mume wa binti yake, aliyepata kibali chake cha kwanza cha uwindaji. Mkwe huyo, anasema, ni mtu mkubwa, kimya, na hawajawahi kupatana. Siku ya sherehe meza imejaa wageni. Mzee akataka kuwaonyesha kisu alichotoa ni kisu cha aina gani. Akawatoa wote uani, akalaza msumari juu ya gogo, akagonga.

Pengo la kuingia kidole, anasema.

Wageni walicheka. Mkwe hakucheka. Alikifuta, akakirudisha kwenye ala, akaingia ndani. Mzee anasema hilo lilimuuma kuliko kicheko.

Nikamwambia — kwa sauti ya panya — kwamba tunaweza kumrudishia pesa. Akasema hapana. "Pesa sitaki, binti. Niambie kitu kimoja tu. Kisu kilikuwa kibovu, au mimi ndiye sikujua kugonga? Maana naulizwa mpaka leo."

Nilijua jibu. Nikasema nitamwuliza bosi. Bosi!

Baba kasikiliza yote huku anapaka mpini mafuta. Halafu: Mwulize kama mkwe wake alimpa kopeki, hata sarafu moja, alipopokea kisu. Hakumpa? Basi. Kisu cha bure kinaleta ugomvi, kila mtu anajua.

Nikamwambia, Baba, kopeki haiwezi kumegua chuma.

Kasema: Wewe mwambie hivyo tu.

Sikumwambia.

Jumanne, 17 Septemba

Nimefanya jambo. Asubuhi, kabla Baba hajatoka kunywa chai, nimebandika juu ya ukurasa wetu sentensi moja: "Kisu hiki ni cha kuchunia na kukatia, si cha misumari. Tafadhali."

Ile "tafadhali" ndiyo iliyoniponza, nadhani. Kufikia saa sita:

"Mwambie huyo mzee wa kwenye video!"

"Tafadhali, hahaha."

"Anayejibu hapa ni mashine, si mtu."

"Mashine gani inaona haya? Huyo ni msichana."

Nilitaka kuingia chini ya meza. Na bado kuna mmoja aliyeuliza kwa dhati kabisa: kama si misumari, je, skrubu?

Baba mwenyewe kaifuta sentensi ile. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Kasimama nyuma ya kiti changu akasema polepole kwamba kwenye maonyesho ya Oktoba kutakuwa na meza mia na kitu, zote zina visu, vyote vinang'aa. Nani atasimama kwangu? Wanasimama kwa sababu ya msumari. Oda zote za majira ya baridi zinatoka pale. Msumari ukiondoka, Zina naye anaondoka, na mimi naenda kuomba kazi ya ulinzi kiwandani. Unataka hivyo?

Sitaki. Nani anataka?

Alipotoka, Zina akasema bila kuinua macho: "Usilie, mwanangu. Mji mzima huu unakata misumari. Marehemu mume wangu alikuwa anakata nondo."

"Kwa kisu?"

"Kwa kisu. Hata siagi kilikuwa hakipaki."

Halafu akanipa kipande cha mkate na kachumbari ya tango, kama mtoto wa chekechea. Nikakila.

Alhamisi, 26 Septemba

Prokhor Ignatyevich tena. Simu ya nne hii. Siku hizi namtambua kwa namna anavyovuta pumzi kabla ya kusema.

Hajakasirika! Hilo ndilo linaloniudhi kupita yote. Angetukana ningekata simu. Yeye anauliza kwanza mvua imenyesha kwetu, uyoga upo, kisha: "Bosi amesemaje, binti?"

Nikasema bosi ana shughuli nyingi.

"Basi usihangaike. Nitakuja mwenyewe kwenye maonyesho ya Nizhny, nimeshakata tiketi ya treni. Nimesoma bosi wako atakata msumari. Nitasimama karibu, nitazame anavyoweka mkono."

Anavyoweka mkono! Ameshaamua kosa ni lake. Anapanda treni usiku kucha kuja kujifunza namna ya kugonga.

"Na mkwe nakuja naye," kasema. "Amekubali. Sijui kwa nini."

Nimeweka simu chini. Nimejibu maoni mengine bila kuyaona. Mtu wa Perm anataka kujua kisu chetu kitamfaa dubu. Nimeandika: "Dubu hahitaji kisu." Kaweka nyota moja.

Jumapili, 29 Septemba

Mama kaoka pai ya kabichi. Baba yuko uani ananoa kisu cha soksi kwa ajili ya maonyesho ya Jumamosi, anapiga mluzi. Nimemweleza habari za mzee wa Kirov, zote, na za mkwe. Kaacha mluzi. Nikadhani — sasa kaelewa.

"Aje," kasema. "Nitamkatia na msumari wake akileta."

Mluzi ukaendelea. Pai sikuimaliza.

Jumamosi, 5 Oktoba

Niko ndani ya gari letu, kwenye uwanja wa nyuma wa ukumbi. Nina dakika chache.

Asubuhi ilikwenda kama Baba alivyosema. Watu wanapita, wanashika visu, wanavinusa, wanajaribu makali kwa ukucha, wanaondoka. Mtu mmoja kanyoa mkono wake mzima mbele yangu kwa visu tofauti, nywele zote zimebaki mezani, hakununua hata kimoja. Mimi nasimama nyuma ya Zina. Nikiulizwa kitu nanong'ona, Zina anarudia kwa sauti kama yuko sokoni: "Anasema chuma hakishiki kutu ukikipangusa! Ukikipangusa, babu, umesikia?"

Kisha wakaja. Nilimjua kabla hajafungua mdomo. Mdogo wa mwili, koti la kuingilia kanisani, kachana nywele kwa maji. Nyuma yake mkwe, Gleb, kama kabati. Kisu chetu chenye pengo kiko kiunoni mwa mkwe. Anakivaa! Kina pengo la kuingia kidole na bado anakivaa.

"Wewe ndiye binti wa simu?" kauliza mzee.

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Sauti yako ni kubwa zaidi kwenye simu," kasema, na akanipa mtungi wa jemu ya beri, kwa ajili ya kunisumbua.

Baba kampokea kama mfalme. Kampa mkono, kampigapiga begani, kaita watu: Sogeeni, huyu mzee ametoka Kirov! Prokhor Ignatyevich akatoa msumari wake mfukoni, umefungwa kwenye leso. Watu wakajaa. Simu zikanyanyuliwa. Na mkwe akasema maneno ya kwanza niliyomsikia akisema: "Baba, si lazima. Mimi kisu nakipenda hivi hivi."

Amemwita mzee Baba. Mzee hakusikia, au alijifanya. Kasema: "Ngoja, Gleb. Nataka nijue nilikosea wapi."

Baba yangu akapapasa chini ya meza. Sanduku la vifaa halikuwepo, tumelisahau garini. Akanigeukia, akaniambia kwa sauti ya chini: Kimbia, kilete kile cha soksi.

Nimekimbia. Nimekitoa. Ni kizito kuliko nilivyokumbuka.

Na hapa kwenye kiti kuna kikapu cha chakula cha mchana: mkate mweusi, mayai, nyanya za Mama za mwisho za bustani. Sijui nilifikiri nini. Sikufikiri. Nimechukua nyanya moja, nikaiweka kwenye kifuniko cha sanduku, nikaikata kwa kile kisu.

Haikukatika. Imebonyea, halafu imepasuka, mbegu mpaka kwenye kioo, mpaka kwenye sketi yangu. Kisu kinachokata msumari! Nimecheka peke yangu kama mwendawazimu.

Mtu yeyote angeelewa. Hata mzee. Hata yule wa skrubu.

Simu inalia. Baba. Nimeiacha.

Nafikiria oda za majira ya baridi. Namfikiria Zina. Namfikiria Baba na sare ya mlinzi getini, hapana, sitaki kabisa. Lakini mzee amesimama pale na leso mkononi, anasubiri kufundishwa kosa ambalo hakulifanya, na mkwe wake anaangalia.

Simu tena.

Zina anakuja, namwona anakatiza uwanja na aproni yake, mikono inapunga. Anagonga kioo. Wewe Tayka, umelala? Watu wanasubiri, baba yako ameishiwa vichekesho! Sasa ameona sketi yangu. Sasa ameona nyanya nyingine nilizoshika, na kisu.

Anasema hicho ni chakula cha mchana, rudisha.

Nimesema si cha mchana, nyanya hizi nitazikata kwa kisu hiki mbele ya mzee. Nimelisema kwa sauti! Nafungua mlango.