Saa ya Baba na Koti Lako

Kendu Bay,
Jumapili, 9 Juni 2024.

Kwako kaka yangu mpendwa Elvis,

Pokea salamu zangu kutoka shuleni. Natumaini vumbi la machimbo ya Masara limekiacha kifua chako kipumue. Mimi ni mzima, ila hesabu bado zinanishinda.

Madam Roseline, mwalimu wetu wa Kiswahili, alitutuma maktabani kutafuta mada ya insha. Nikakuta jarida linaloeleza kwamba wanawake wengi hujaribu kujiua, lakini wanaokufa zaidi ni wanaume. Nililifunga haraka nisionekane. Kisha nikalifungua tena.

Nilimkumbuka Shangazi Rael. Mwaka mmoja kabla ya korona alijaribu kujiua akaokolewa, na wanawake wa Kosele wakahamia kwake kwa zamu, mwezi mzima, wakimpikia na kumtania kwamba hata kifo kimeuogopa ugali wake. Alilia mpaka akacheka.

Baba hakuwekewa zamu. Shule aliyofundisha ilipofungwa kwa ajili ya korona, alikaa kimya miezi minne, nasi tukasema mwanamume anafikiri. Alipojiua, Mama alitangaza kwamba ni korona, ili asizikwe nje ya ua jinsi mila inavyotaka kwa aliyejitoa uhai. Mwaka ule kila maziko yalikuwa ya haraka, bila matanga, kwa hiyo hakuna aliyeuliza. Wewe uliambiwa kifungua mimba halii. Hujalia mpaka leo.

Kaka, kuna jambo nililificha. Siku tatu kabla ya kufa, Baba alinipa saa yake ya mkono akasema, "Nitunzie, Marcella." Nilifurahi mno. Nikaificha nisije nikanyang'anywa, na sikumwambia mtu.

Juzi rafiki yako Oliver alipitia hapa akaniletea koti lako na vyeti vyako vyote. Alisema umeomba nikutunzie.

Koti sikulivaa. Nilikwenda kwa Madam Roseline nikaomba simu, nikampigia Shangazi, nikamweleza yote, hata habari ya saa. Usinikasirikie. Au nikasirikie, lakini ukiwa hai.

Aliyekukabidhi barua hii ni Shangazi mwenyewe, aliifuata hapa shuleni akija kwako. Usimwambie uko sawa. Amebeba unga wake na blanketi, na hana haraka ya kurudi Kosele. Ukitaka kulia, yeye hamnyamazishi mtu.

Nisalimie wote unaochimba nao. Vyeti nitavitia mkononi mwako siku ya kufunga shule, utakapokuja kunichukua.

Mdogo wako akupendaye,
Marcella.