Wageni wa Kwanza Pangoni Bila Nkatha

Jumamosi. Baridi ya Agosti ni ileile, lakini ukungu umeondoka Kibirichia mapema na mlima umeonekana wote. Leo nina furaha, na ninashangaa kuwa nayo.

Tangu tumzike mke wangu Nkatha mwezi wa pili, sikuwa nimepokea mgeni hata mmoja pangoni. Pango liko juu ya shamba letu. Wakati wa kupigania uhuru watu walijificha humo, na nyanya yake Nkatha aliwapelekea uji, kibuyu kikiwa kimefichwa katikati ya mzigo wa kuni. Nkatha ndiye aliyewasimulia wageni hayo yote. Mimi nilikuwa mtu wa viazi.

Mwanangu Mutuma anataka trekta ije Jumatatu ilime njia ya kwenda pangoni, tupande viazi hapo pia. Nilimwambia nipokee kwanza hawa wa leo, waliokuwa wamepiga simu kuomba kuja. Wakiondoka bila kufurahi, basi alime.

Kwa hiyo niliamka mapema, nikachinja jogoo mkubwa, nikamchemsha, nikajisifu.

Gari lilipofika kutoka Meru mjini, akashuka mama mmoja mwenye buibui, halafu binti zake wawili, halafu mkwe wake mwenye kofia ya msikitini. Watu wa Majengo, mtaa wa Waislamu. Nikasimama pale na mwiko mkononi.

Nkatha hangekosea hivyo. Yeye alimwacha kuku akiwa hai mpaka ajue wageni ni nani, ili Waislamu wachinje wenyewe.

Nilikiri palepale, nikawaambia kwamba msimulizi alikuwa marehemu mke wangu. Yule mama, Bi Zuhura, ana bucha huko Majengo. Alichungulia sufuria yangu akatikisa kichwa.

"Pole, baba. Huyu kuku umemwonea bure," akasema. "Na viazi, umechinja wewe pia?"

Binti zake walicheka mpaka wakashikana. Tukachoma viazi kwenye majivu, tukala na chumvi na pilipili waliyobeba. Sijala viazi vyenye ladha hiyo tangu mwezi wa pili.

Tukapanda juu kwa ile njia. Lakini tulipoingia pangoni, maneno yalinipotea. Nilikuwa nimeyasikia miaka mingi, nikiwa nimesimama nyuma, nikifikiria palizi.

"Mama alikuwa anaanzia wapi?" Bi Zuhura akaniuliza polepole.

Nkatha huanzia na moshi. Nikawaonyesha weusi wa moshi juu ya mwamba, na mengine yakafuata yenyewe: kuni, kibuyu, na jinsi nyanya alivyokohoa mara mbili kabla ya kuingia ili waliomo wasiogope. Hapo Nkatha hukohoa, kwa nguvu, na wageni hushtuka. Nikakohoa. Wasichana wakaruka.

Ukuta ulirudisha sauti, na kwa kitambo kidogo nilidhani ni yeye.

Nilipotoka nje nikifuta macho, Bi Zuhura alikuwa amesimama ukingoni anatazama chini kaskazini, mahali mashamba yetu ya kijani yanapoisha na nchi kavu inaanza.

"Baba, kule ni wapi?"

"Isiolo hiyo."

Akapiga kelele. Alizaliwa huko. Amepita barabara ya kwenda huko maisha yake yote, lakini hakuwahi kuiona Isiolo nzima kwa mara moja. Akampigia dada yake simu. "Toka nje! Toka nje upunge mkono, mimi niko juu huku!" Dada alitoka, nadhani. Sisi sote tulipunga, hata mimi.

Nami nikatoa simu yangu, nikampigia Mutuma.

"Trekta isije," nikamwambia.

Akauliza, "Kwani walifurahi?"

"Wamekataa kushuka."

Nikamsikia akicheka, kicheko cha mama yake kabisa. Kesho nikitoka kanisani nitachukua panga nifyeke ile njia, ipitike na watu wawili bega kwa bega.