Kummalizia Mama Maneno

Jumamosi. Mvua ya rasharasha tangu alfajiri, mtaa wetu wa Queensbury wote umeloa. Sina hamu ya kutoka wala ya kuonana na mtu.

Asubuhi nimepata barua pepe kutoka kwa mwandishi wa Denmark ambaye riwaya yake naitafsiri kwa Kiingereza. Wazazi wangu walitoka Unguja wakakimbilia huko, nami nikakulia huko, ndiyo maana Kidenmaki kinanipatia riziki hapa London.

Riwaya inamhusu mama yake, mwanamke wa shamba, mwenye haya, asiyemaliza sentensi. Anaanza, anakwama, anaacha. Kwa Kidenmaki inapendeza. Kwa Kiingereza, mhariri anaogopa wasomaji watasema mtafsiri hajui sarufi, hasa mtafsiri mwenye jina kama langu. Basi kila sentensi naipigania: ikatike, lakini ieleweke.

Nilidhani naipigania. Mwandishi ameniandikia hivi: "Mpaka ukurasa wa mia na kumi namsikia mama yangu. Baada ya hapo Kiingereza ni safi kabisa, na yeye simsikii tena."

Nilikasirika. Nilizunguka jikoni nikimsema peke yangu, eti yeye anajua Kiingereza gani. Kisha nikafungua faili. Kweli tupu. Kuanzia ukurasa ule sentensi zote zimekamilika, na yule mama mwenye haya anazungumza kama mtangazaji wa redio.

Nikatazama ukurasa ule niliutafsiri lini. Ni wiki ile ile mama yangu alipopata kiharusi.



Mama anaishi nami. Tangu augue, maneno hayamtoki mpaka mwisho, nami siwezi kuvumilia kumwona akihangaika. Kwa hiyo namsaidia. Akisema "Nataka ku...", namalizia, "Kunywa chai, mama?" Akisema "Nataka kwe...", nampeleka chooni. Huitikia kwa kichwa. Nimejisifu hata kwa nesi kwamba mimi na mama tunaelewana vizuri tu. Mwezi uliopita binti yangu aliniambia, "Mama, you never let Bibi finish," yaani simwachi Bibi amalize kusema. Nikamwambia akaoshe vyombo.

Leo adhuhuri nilikaa kando ya kitanda chake. Akaanza, "Nataka kwe..."

Nikanyamaza. Wallahi sijafanya kazi ngumu kama ile. Alikunja uso, akanishika mkono, akatafuta neno, likamponyoka, akaanza upya. Mimi nilikuwa nimeuma midomo.

"Nataka kwenda... kwa babako."

Baba tulimzika Denmark. Mwaka uliofuata tukahamia huku, na mama hajaliona kaburi lake tena. Miezi yote hii amekuwa akiniomba nimpeleke kwa mumewe, nami nampeleka chooni. Na yeye, kwa upole wake, anakwenda.

Nililia mbele yake, jambo ambalo nimejizuia nalo tangu augue.

Mwandishi nimemjibu. Nimekiri kosa, nitazirudia kurasa zote. Hilo lina dawa.

Lakini mama alikuwa ananitazama, anangoja jibu, na daktari amekwishasema hawezi tena kusafiri kwa ndege. Nikamwambia, "Tutakwenda, mama, inshallah." Nilisema haraka, bila kukwama hata kidogo.

Alasiri nimemkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, amevaa koti la baridi na viatu, mkoba mapajani. Binti yangu ndiye aliyemvalisha. Anasema Bibi alimwomba, naye akamsubiri mpaka akamaliza kusema.

Nimefunga mlango taratibu, nikaja sebuleni kuandika haya. Mama bado amekaa vile vile na koti lake.

Nitaingia kumwambia nini?