Mahari ya Ngalula, Permi Yangu

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Mvua tangu asubuhi. Shimo la shaba limejaa maji tena. Tumeteka kwa ndoo hadi mchana, tukaosha mawe, tukabeba magunia hadi kwa mnunuzi. Kimashine chake cha kupimia shaba kimesoma kidogo. Kila siku kinasoma kidogo. Hata ukimletea shaba tupu kitasema ni udongo wa bustani. Nimechukua pesa, sikumtukana. Nimemtukana njiani.

Nimepita kwenye shule ya shofele, ya udereva. Bei ya permi, leseni ya magari makubwa, imefutwa ubaoni, wameandika nyingine juu yake. Yote inalipwa kabla hujagusa usukani. Kwa shimo hili ningeweza mwakani, kama nisingekuwa nakula. Na mimi nakula.

Sitaki kuzeekea shimoni. Shimoni hakuna anayezeeka.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Kuna patron mmoja mwenye malori, barabara ya Likasi. Anachukua vijana, anawalipia shule. Masharti: miaka mitatu kwake, nusu mshahara, na permi inakaa katika kabati lake. Ukitaka kuondoka mapema, unamrudishia mara mbili.

Nimemwuliza kama kabati lina ufunguo. Akacheka. Mimi sikuwa nachekesha.

Nimesema nitafikiri. Nilishamaliza kufikiri kabla sijatoka getini kwake. Huo ni utumwa wenye usukani.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Siku ya posho. Tata, baba yangu, anaiita hivyo hadi leo, ingawa kampuni iliyokuwa inampa posho ya unga ilishamsahau zamani. Ameniita uani, amevaa shati la misa. Nikajua kuna jambo.

Dieudonné, yule muuza simu wa sokoni, anamtaka mdogo wangu Ngalula. Ataleta mahari wiki ijayo. Tata akasema: "Mahari ya dada njo inasimamisha kaka. Sisi batu ya Kasai tunafanyaka hivi." Ni kweli. Zamani mahari ya dada ilimwolea kaka yake mke. Tata ameondoa mke, ameweka permi.

Nimefurahi. Daftari hili halisomwi na mtu, basi naandika: nimefurahi siku nzima. Shimo kwaheri. Nimekula bukari hadi Mama akaniangalia.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Baada ya misa Tanti Mbombo, dada yake Tata, amekuja kula kwetu. Mbele hana meno mawili. Marehemu mume wake ndiye aliyeyatoa.

Hadithi yake tumekua nayo. Alikimbia ndoa mara tatu. Mara tatu Tata na ndugu zake wakamrudisha, mara ya mwisho juu ya baiskeli, amefungwa kitenge asiruke. Mke akiondoka, mahari inarudi kwa mume. Na mahari ya Tanti haikuwepo tena. Tata alikuwa ameitumia kumuoa Mama.

Leo tena wamecheka. Tanti mwenyewe ndiye anacheka kuliko wote. "Ningerudisha nini?" akasema. "Mali ile pale, inapika sombe." Akamwonyesha Mama kwa kidole.

Mama hakucheka. Mama hajawahi kucheka hapo. Miaka yote hii ndiyo leo nimeona.

Sikumaliza chakula. Nina hasira na sijui nimkasirikie nani. Tata alikuwa anachokonoa meno. Yake yote yapo.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Nimemwuliza Ngalula kwenye bomba, watu wakiwa wachache. Anampenda huyo Dieudonné. Sawa. Nikamwambia pesa yako nikiila mimi, siku akikupiga utarudi na nini? Akanishushia ndoo mguuni.

"Lipa shule, kaka. Mi sitarudi. Unaniombea mubaya mbele hata sijaolewa?"

Tanti naye alisema hivyo hivyo, nina hakika. Hakuna anayeolewa huku anatafuta njia ya kutokea. Mjinga. Na mimi ni mjinga zaidi, maana nilitaka aniambie hivyo. Alipoondoka na ndoo yake moyo wangu ulikuwa umeshaanza kuendesha.

Ninajichukia leo.

Jumamosi, tarehe 15 Machi

Wakwe wamekuja. Mbuzi, chumvi, kitenge cha Mama, suti ya Tata. Suti ni kubwa, mikono inafika kwenye vidole, hakutaka kuivua. Na bahasha.

Wageni walipoondoka Tata akanipa bahasha mbele ya ndugu zake wote. Akasema maneno marefu kuhusu lori na uzee wake. Niliishika. Ilikuwa nzito. Naandika ukweli: niliishika muda mrefu.

Halafu nikasema hapana. Nikampa Mama aitunze.

 Tata amesema mimi ni mtu wa shimo, nimezaliwa kwa ajili ya shimo. Amesema namhukumu. Ndio, namhukumu. Sikumwambia, lakini amesikia. Ndugu zake wakaanza kukusanya kofia zao.

Basi, Tata akasema, kama mwanaume wa nyumba hii hataki, pesa itanunua mabati, nyumba inavuja. Akanyoosha mkono. Mama, ambaye hajawahi kumpinga mbele ya watu, akafunga bahasha katika ncha ya kitenge chake na kukaza fundo kwa meno.

"Nyumba itavuja," akasema.

Hakuna aliyekula mbuzi kwa raha.

Jumatatu, tarehe 17 Machi

Nimesaini kwa yule patron. Miaka mitatu. Kalamu yake haikuandika, akanipa nyingine kwa heshima kabisa, kama daktari. Nilitamani kumpiga.

Kuna njia tatu tu. Kusubiri shimo liniue, kumfunga Ngalula, au kujifunga mwenyewe. Nimechagua na sijisikii mtu mwema. Najisikia nimeibiwa.

Jumapili, tarehe 6 Julai

Nimefaulu. Patron amenionyesha permi yangu, picha yangu, jina langu. Nikaishika hadi akakohoa. Ikaingia kabatini. Akinituma safari ananipa, nikirudi anaidai hata kabla sijashuka. Ufunguo upo, anauvaa shingoni pamoja na msalaba.

Jana tumepakia kule mgodi wa Mashamba. Vumbi hadi kwenye meno. Vijana niliosoma nao wanaendesha njia hii hii, mzigo huu huu, wanalipwa mara mbili yangu. Wananiita Nusu. Nusu, pita mbele. Nusu, una moto wa sigara?

Ngalula ameolewa, amenenepa, anacheka. Dieudonné ameninunulia bia na kuniita shemeki. Mtu mzuri. Nimemtazama nikitafuta ubaya wake, sikuupata, nikakasirika zaidi. Tata hanisemeshi tangu siku ya bahasha. Anamwambia Mama, "Mwambie mtoto wako apishe," na mimi nimesimama pale pale.

Na pesa imelala kwa Mama, haifanyi kitu. Ingekuwa imenilipia kila kitu.

Alhamisi, tarehe 18 Septemba

Kasumbalesa, mpakani. Foleni ya malori haisogei. Nalala chini ya remorke, tela la lori, napika kando ya gurudumu, nakwenda haja ambapo kila mtu amekwenda. Dereva wa mbele yangu ana mke anayemletea chakula. Mimi nina biskuti.

Leo uvumilivu umeniishia. Nimempigia Mama simu. Nimesema nilikosea, Ngalula yuko vizuri, nipe ile pesa nijikomboe kwa patron. Ni ya familia. Nitairudisha.

"Haiko yako," Mama akasema.

Nikauliza ni ya nani basi, ya panya? Nimemwambia Mama hivyo. Akaniuliza kama nimekula. Nikakata simu.

Nimetoa miaka mitatu ya maisha yangu ili bahasha ilale ndani ya sanduku. Hakuna aliyeniomba. Hata Ngalula hakuniomba. Sitamwambia mtu: leo nimetamani Dieudonné awe mbaya, ili niwe na haki. Mungu anisamehe, au aache.

Jumapili, tarehe 16 Novemba

Mvua. Mabakuli yamewekwa sakafuni, moja mlangoni, moja karibu na kiti cha Tata.

Ngalula amekuja na majani ya maboga. Amekaa chini na Mama kuyamenya nyuzi. Mimi nilikuwa naoga baada ya safari, nikaja nikiwa na taulo shingoni. Ameongea bila kuinua macho, kama anayesimulia bei za soko.

Wiki iliyopita Dieudonné alipata hasara kwenye simu. Akarudi na hasira ya sokoni. Chumvi ilikuwa imezidi. Akainua mkono. Ngalula hakukimbia. Akamwambia, "Pesa yote ulileta iko kwa mama. Hata bahasha ni ile ile. Piga, kesho ukuje uchukue."

Mkono ulibaki juu, anasema. Halafu akajikuna nao kichwa. Akala chakula chenye chumvi, akamaliza.

Mama akaendelea na majani. Ngalula hakunishukuru. Alinitazama kidogo, akaniuliza kama patron ananipa walau buti za mvua. Nikasema hapana. Akasema nitafute buti, barabara imeharibika. Jioni haijafika akarudi kwa mume wake na mwavuli wa Mama.

Tata alikuwa kwenye kiti chake muda wote, ameelekea mlangoni. Alisikia yote. Alikuwa amevaa koti la ile suti kubwa kwa ajili ya baridi. Bakuli la karibu naye likajaa, maji yakaanza kumgusa mguu. Nikainuka, nikasema nitapanda juu niweke hata plastiki kabla sijasafiri kesho.

Alinijibu. Miezi minane, na leo amenijibu mimi, si kupitia kwa Mama.

"Acha ivuje," akasema.

Nikamwaga maji nje, nikarudisha bakuli pale pale.