Saa Sita ya Kisiwani

Chumba namba 14, ghorofa ya tatu,
Nyuma ya stesheni ya mizigo.
Alhamisi, 28 Agosti.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu za kaka yako. Hujambo? Goti lako je? Na shemeji, kifua kimetulia? Naomba barua hii ikukute umeketi, si umesimama jikoni ukiisoma huku chungu kinachemka, maana nakujua.

Sisi huku tu wazima. Sentensi hiyo nimeiandika mara tatu kwenye karatasi ya pembeni kabla ya kuthubutu kuiandika hapa. Ni ya kweli. Mwanao, mkaza mwanao, mjukuu wako na mimi, sote wanne tu hai. Yanayofuata yasome polepole.

Ile safari ya gari ambayo mwanao alikuwa akiniahidi tangu wifi yako alipofariki, tuliifunga kiangazi hiki. Tulianzia kwenye maporomoko ya maji. Ngurumo yake tuliisikia kabla injini haijazimwa, na manyunyu yakanilowesha miwani nikawa naona watu kama herufi zilizochapwa vibaya. Hapo ndipo nilipoiona saa ya mwanao, ile uliyomfunga mkononi siku uliponikabidhi, akiwa na miaka minne, ikamning'inia hadi kwenye kiwiko. Jua lilikuwa utosini, lakini mshale mfupi ulikuwa chini kabisa, kwenye sita. Nikasema moyoni, saa ya mdogo wangu imeharibika. Sikuuliza.

Mjini tulilala katika nyumba ya wageni kando ya mto. Ukutani, penye ngazi, wamechora mistari ya mafuriko ya zamani, kila mmoja na mwaka wake. Mjukuu wako, ambaye tunamwita Kidodosi kwa maswali yake, alinyoosha mkono kuufikia mstari wa juu, hakuweza.

"Babu, maji yalifika hapa? Na watu je?"

"Walipanda juu."

"Wote?"

Nikamwambia twende tukanywe chai.

Ufukweni tulikaa siku tatu, na siku zote tatu bendera nyekundu ilipepea juu ya bahari iliyolala kama shuka lililopigwa pasi. Watu waliketi mchangani wakiitazama tu, hakuna aliyeingia. Mwanao akaniuliza ghafla, "Mjomba, alasiri ni kuanzia saa tisa, siyo?" Nikamjibu ndiyo, nikarudi kwenye gazeti langu.

Sasa lazima nikukumbushe jambo. Nilipomlea mwanao ugenini, nilikataza lugha nyingine isivuke kizingiti changu. Nilimfundisha ngeli, nikamfundisha methali na vitendawili. Saa nikazisahau. Alijifunza shuleni kwao, kwa hesabu ya kwao, na siku ya kwanza akarudi akisema, "Mjomba, kesho shule inaanza saa nane," yaani saa mbili asubuhi. Wifi yako alicheka hadi akakaa chini. Tukamwita Saa Nane, na jina likamganda mpaka leo, fundi wa lifti mwenye mvi. Hatukumsahihisha. Tulizoea: akitaja saa, sisi tunageuza kimya kimya. Mimi niliyekula mkate wa kusahihisha makosa ya watu kwenye kiwanda cha uchapaji kwa miaka arobaini, hilo moja niliacha lipite kwa sababu lilinichekesha.

Mwisho tulifika kwenye visiwa vya mtoni. Tulipanga katika kisiwa kikubwa, na mbele yake kuna kidogo chenye miti mitatu. Kati ya hivyo viwili upo ukingo wa kokoto, kama njia. Maji yakizuiwa bwawani huko juu, unavuka bila kulowesha soli. Yakifunguliwa, ukingo unatoweka.

Siku ya pili asubuhi gurudumu lilikuwa limepasuka. Mwanao alifunga la akiba ili aende na mkewe kulitengeneza lile bovu, wakaniachia mtoto. Mwanao alishaingia garini, akashusha kioo. "Mjomba, mama mwenye nyumba anasema maji yanafunguliwa saa sita. Saa sita, umesikia?" Akatabasamu kama mtu anayengoja kupongezwa.

"Nimesikia, Saa Nane."

Nikageuza, kama nilivyogeuza maisha yangu yote. Saa sita yake ni saa kumi na mbili. Basi ni jioni, na siku yote ni yetu.

Saa tano tulivuka, tukiwa na mkate na mayai. Tulikula chini ya miti. Kisha king'ora kikalia mbali, kirefu.

"Babu, hiyo nini?"

"Honi ya kiwanda, mama. Watu wanakwenda kula."

Ndipo mto uliponyamaza. Zile kokoto zilizokuwa zikinong'ona tangu asubuhi zikakoma. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Methali hiyo nilimfundisha mwanao kwa fimbo ya rula, nami sikuielewa mpaka pale. Nilimshika mtoto, tukakimbilia ukingoni. Maji yalikuwa kwenye vifundo. Katikati yalifika magotini kwangu, kwake kiunoni. Niliteleza.

Mkono wake ulitoka mkononi mwangu. Lazima ulisikie kutoka kwangu, si kwa mwingine.

Mama mwenye nyumba alikuwa ameshatoa boti aliposikia king'ora na kuona vyumba vitupu. Alimnasa Kidodosi kwa upondo wenye ndoano, kwa mkanda wa gauni. Mimi nilikuwa nimekumbatia jiwe. Mtoto alilala hospitali siku mbili. Amepona, ila mamaye anasema bomba la bafuni likifunguliwa anaziba masikio.

Mwanao alinijia pale koridoni. "Nilikwambia saa ngapi, Mjomba?"

"Saa sita."

"Nilikosea?"

"Hukukosea."

Akaivua ile saa, akaikazia macho. Kumbe alikuwa ameirudisha nyuma kwa muda wa saa sita kabla ya safari, kwa makusudi, ajizoeze hesabu yetu ili anifurahishe. Safari nzima alikuwa akinisubiri nigundue. Akaipeleka mbele mpaka ikalingana na ya ukutani, akaivaa. Tulirudi kwa siku mbili njiani, na hakunitamkia neno hata moja la Kiswahili. Mazoea yana taabu, dada, lakini hii si taabu ya kusemewa methali.

Kidodosi alikuwa akishinda kwangu kila siku baada ya shule. Ndara zake bado ziko mlangoni. Tangu turudi hajaletwa, nami sijathubutu kuuliza kama ataletwa tena. Jana mwanao aliniachia ujumbe kwenye simu, kwa Kiswahili: "Mjomba, Jumamosi nitakuja saa tatu. Tuongee." Basi.

Saa tatu ipi? Nimeusikiliza mara nyingi. Sauti haisemi. Sitampigia kumuuliza, nikimuuliza nitakuwa nimemwambia kwamba bado sisikii anachosema. Nitafungua mlango saa tatu asubuhi, nitaketi nikiutazama mpaka saa tisa. Nawe usimpigie kunitetea. Mwache aje na neno lake mwenyewe.

Nisalimie shemeji, na shangazi kama bado anawatambua watu, na jirani yako mshonaji. Goti lipake mafuta ya moto, usilipuuze. Mungu akulinde asubuhi na alasiri, kwa hesabu zote mbili za saa.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye na niliyekukosea,

Msahihishaji.